Uzazi wa Mchuma Chai Hauna Bei



Ndugu msomaji, uwe Kericho, Litein, Sotik au Bomet mjini, hoja hii umeisikia: watu wamekuwa wengi, mashamba yamegawanywa mpaka yameisha, basi serikali iwape motisha wanaozaa wachache. Pesa kidogo, bima ya bure, karo ya mtoto. Inaonekana ni hisani tu. Sisi tunasema hapana, na tunaomba utusikilize kabla hujasema "hao nao na dini yao."

Kwanza, hatupingi kupanga uzazi. Masahaba walifanya azli wakati Mtume (S.A.W) yuko hai, na wanazuoni wengi wameruhusu njia za muda mume na mke wakiridhiana. Kenya ilianza mpango wake wa taifa mwaka 1967. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke alizaa wastani wa watoto 8. Kufikia 2022 ni 3.4. Wasichana walienda shule, watoto wengi zaidi wakapona, dawa zikafika kliniki. Nani atalalamikia hayo?

Shida ni pale pesa inapoingia, na inamfikia nani. Mama anayechuma majani chai hulipwa kwa kilo. Kwenye mashamba makubwa nyumba anayolala ni ya kampuni, na zahanati mara nyingi ni ya kampuni hiyo hiyo. Akimuudhi mkubwa wake, kesho hana kazi wala pa kulala. Februari 2023 BBC ilitangaza habari za zaidi ya wanawake 70 wa mashamba ya chai ya huku kwetu waliosema wamedhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Walivumilia kwa sababu ya kazi. Sasa mtu wa hali hiyo umwekee pesa mezani pamoja na fomu ya kufunga kizazi. Atakataa vipi?

Na kwenye chai jambo hili lilishajaribiwa. Mwaka 1971, mashamba ya chai ya Nilgiri, India Kusini, yalianza kumwekea mfanyakazi mwanamke akiba ya rupia 5 kila mwezi ambao hana mimba. Akizidisha watoto, akiba inakatwa. Yaani tumbo la mama liliingizwa kwenye daftari la mishahara! Miaka michache baadaye, wakati wa hali ya hatari, India ilifunga kizazi watu zaidi ya milioni 6 ndani ya mwaka mmoja, na maskini ndio walioumia zaidi. Bangladesh nayo, nchi ya Waislamu wenzetu, miaka ya 1980 ilitoa taka 175 na nguo moja kwa aliyekubali. Sari moja, ndugu yangu.

Usidhani ni mambo ya mbali. Hapa hapa Kenya, kina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI walieleza mahakamani kwamba waliambiwa wafunge kizazi ndipo wapate chakula na maziwa ya watoto wao. Kesi ilifunguliwa 2014. Mahakama Kuu iliwapa haki miaka mingi baadaye, na kizazi hakirudishwi na hukumu.

Kama kuna pesa ya motisha, inunue dawa za kliniki, hasa baada ya Marekani kukata misaada yake 2025. Mama anayetaka kijiti akipate bila malipo, na asiyetaka asiulizwe mara mbili. Katiba, Kifungu cha 43, inampa haki ya afya ya uzazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, na inakataza kumbagua kwa ajili ya mimba.

Kwa hiyo dada, mama, ukiitwa zahanati ukaambiwa kuna zawadi au kazi ukikubali njia fulani, usiweke sahihi wala kidole siku hiyo. Omba karatasi uende nayo nyumbani, uzungumze na mumeo. Andika tarehe na maneno uliyoambiwa, kisha ututumie ujumbe. Jina lako hatutalitoa.