Barua kwa Waziri wa Afya: Kabla ya Kumrudisha Mama Nyumbani na Puto

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Nairobi.

Mheshimiwa,

Wakati wa korona, baadhi ya hospitali za Uingereza na Marekani ziliacha kuwalaza wodini wajawazito wote wanaoanzishiwa uchungu. Mama asiye na tatizo aliwekewa puto la kulainisha mlango wa kizazi, mapigo ya moyo wa mtoto yakapimwa, akaenda kulala kwake hadi kesho yake. Msongamano ukapungua. Kwetu, ambako si ajabu kukuta wajawazito wawili kitanda kimoja, wazo hili linavutia, tena katheta ya Foley, inayotumika kama puto hilo, ni ya bei nafuu.

Naliunga mkono kwa sharti moja: usafiri wa usiku.

Kafyu ya korona ilipoanza nchini tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, uchungu haukungoja kupambazuke. Matatu na bodaboda zilitoweka, na wajawazito wakaogopa kukutana na polisi njiani. Dkt. Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea ubingwa wa uzazi Hospitali ya Kenyatta, aliona wanaofika usiku wamepungua, akaanzisha huduma ya Wheels for Life: mama alipiga simu bila malipo, akasikilizwa, akatumiwa gari. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021. Vijiji visivyo na gari usiku vingali vipo.

Kuliko puto, misoprostoli, dawa ya kuanzisha uchungu, ndiyo inayonitia hofu zaidi. Dozi ya kumeza ni mikrogramu 25 kila saa mbili, ilhali kidonge kilichozoeleka kina 200. Kukikata vipande vinane kwa wembe ni kubahatisha, na dozi ikizidi, tumbo hubana mfululizo, mtoto akakosa hewa. Kwa mama mwenye kovu la upasuaji, kizazi chaweza kupasuka. Dawa hii isimezwe mbali na mkunga na chumba cha upasuaji. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wake wa 2011, halikupendekeza uchungu uanzishwe nje ya hospitali.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, mwongozo wa taifa useme wazi kwamba misoprostoli haitoki wodini. Mama arudi nyumbani na puto pale tu kaunti inapomhakikishia ambulensi na nambari ya simu inayopokewa usiku kucha. Tunaomba kaunti zitengewe fedha za magari hayo katika bajeti ijayo.

Wako,
Mkunga, Pwani ya Kenya