Mdakaji Aliyejua Kungoja

Linapotajwa neno michezo, fikra za wengi wetu hukimbilia kabumbu, na baada yake labda ngumi au riadha. Besiboli, mchezo wanaouhusudu Wamarekani, hatuujui sana. Hata hivyo nakuomba uniazime dakika chache za Jumapili yako nikusimulie habari za mchezaji wake mmoja, kwa kuwa maisha yake yanagusa jambo analokutana nalo kila mtu wa kazi: kuendelea kushindana wakati ushindi hauonekani.

Timu ya besiboli inapolinda huwa na watu tisa uwanjani. Wanane humkabili mpigaji wa upande wa pili. Wa tisa, mdakaji, huchuchumaa nyuma ya mpigaji huyo na kuwatazama wenzake wote. Mrushaji yu umbali wa mita 18 na kitu, na mpira wake mgumu aghalabu hupita kasi ya kilometa 140 kwa saa. Mdakaji amevaa kinyago cha chuma na bamba la kifuani, lakini vidole vya mkono wake mtupu havina kinga. Tena yeye ndiye humwonyesha mrushaji kwa ishara ni mpira wa namna gani autupe. Sifa, kama kawaida ya dunia, huenda kwa mrushaji.

Kazi hiyo ndiyo aliyoifanya Roy Campanella, mzaliwa wa Philadelphia mwaka 1921, mtoto wa baba mwenye asili ya Kitaliano na mama Mmarekani mweusi. Alianza kulipwa mwaka 1937 akiwa na umri wa miaka 15, katika ligi za watu weusi, maana ligi kuu zilikuwa za weupe watupu. Jackie Robinson alipouvunja ukuta huo mwaka 1947, Campanella alikuwa bado anangoja katika ligi za chini. Mwaka 1948 aliingia Brooklyn Dodgers, lakini mwezi Mei wakuu wa timu walimshusha hadi St. Paul ili awe mweusi wa kwanza katika ligi ya huko. Hakupenda, alijiona mchezaji, si mtangulizi. Alikwenda. Katika michezo 35 alipiga mapigo makuu 13, yale ya kuutoa mpira nje ya uwanja, wakamrudisha Brooklyn.

Wapo waliomwona mnyonge kwa upole wake, na Robinson mwenyewe alichukizwa na ukimya ule. Kwa maoni yangu Robinson alikuwa na haki: ubaguzi hauondoki kwa kunyamaziwa. Lakini mtu aliyeanza kazi akiwa mtoto wa miaka 15, akafunguliwa mlango akiwa na 26, sithubutu kumwita mwoga.

Mara tatu, mwaka 1949, 1952 na 1953, Dodgers walifika fainali ya ubingwa, na mara zote tatu walishindwa na timu ile ile, Yankees. Mwaka 1954 Campanella aliumia mkono wa kushoto ukafanyiwa upasuaji; upigaji wake ukaanguka hadi pigo zuri moja kwa kila zamu tano. Msimu uliofuata alikaribia moja kwa kila tatu. Kisha Oktoba 4, 1955, katika mchezo wa saba wa fainali, alimchuchumalia kijana wa miaka 23, Johnny Podres, vipindi vyote tisa. Yankees hawakupata hata pointi moja. Dodgers walipata mbili, na ya kwanza aliikimbia Campanella mwenyewe. Mwaka huo, kwa mara ya tatu, alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake.

Alizoea kusema kwamba besiboli ni kazi ya mwanamume mzima, ila lazima ndani yake abaki mtoto mdogo.

Usiku wa Januari 28, 1958, gari lake liliteleza karibu na nyumbani kwake Glen Cove, likagonga nguzo na kupinduka. Shingo ilivunjika. Alikuwa na miaka 36, na miguu haikutembea tena. Dodgers walikuwa wanahamia Los Angeles, mji ambao hakuwahi kuuchezea hata mchezo mmoja. Hata hivyo Mei 7, 1959, watu 93,103 walijaa uwanja wa mji huo kumheshimu. Taa zilizimwa, wakawasha viberiti gizani.

Usiku kama ule una nguvu zake, lakini mimi huziwaza zaidi asubuhi zilizofuata, zisizo na watazamaji, mtu anapojifunza upya hata kula. Jina la kitabu alichokitoa mwaka huo huo lina maana kwamba ni vyema kuwa hai. Miaka ya baadaye alikuwa akienda kambi ya mazoezi ya Dodgers huko Vero Beach, Florida, akiwa katika kiti chake cha magurudumu, na wadakaji vijana wakimjia kuuliza. Mmoja wao, Mike Scioscia, alikuwamo kikosini Dodgers walipotwaa ubingwa mwaka 1981, na tena mwaka 1988. Campanella alifariki Juni 26, 1993, baada ya kukikalia kiti kile miaka 35. Kuchuchumaa kwake katika ligi kuu kulikuwa kumedumu misimu kumi tu.