NAFASI NI CHOMBO CHA KAZI

Ndugu wafanya kazi wa gereji,

Hakuna tajiri awezaye kumwambia fundi afungue nati bila spana. Lakini mafundi wengi huambiwa watoe shafti ya ekseli pahali ambapo hata mtu kupita ni taabu, na wakisita huitwa wavivu. Sisi twasema hivi: nafasi ni chombo cha kazi kama spana, na anayepaswa kuitoa ni mwenye karakana.

Tueleze kazi yenyewe, ili hata ndugu zetu wa bohari na wa ofisini wafahamu. Katika matatu nyingi na pikapu zenye ekseli nzima ya nyuma, shafti imo ndani ya mrija wa ekseli, toka gurudumu mpaka kwenye difu. Ukisha kuondoa gurudumu, ngoma ya breki, paipu ya breki na zile nati za nyuma ya breki, shafti haina njia ila kutoka kwa ubavu, imenyoka, kwa urefu wake wote. Urefu huo hukaribia nusu ya upana wa gari. Basi gari likiwa limesimama futi moja na nusu kutoka ukutani, shafti itatoka nusu, kisha itagonga ukuta.

Hapo ndipo mabaya huanza. Fundi huipinda upande akitafuta njia, na shafti nzito hulalia sili ya oili na meno yake yakaichana. Gari hurudi barabarani, oili huvuja mpaka kwenye viatu vya breki, na breki ya upande ule hulegea. Abiria aliyelipa nauli hajui kwamba maisha yake yaliuzwa kwa futi mbili za sakafu.

Hatari ya fundi mwenyewe ni kubwa zaidi. Beringi ikikwama, shafti huvutwa kwa mishtuko, na mishtuko hiyo hulisukuma gari upande. Jeki imefanywa kwa kuinua. Haikufanywa kuzuia msukumo wa ubavuni. Tena katika magari hayo breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, nayo ndiyo yaliyoinuliwa. Wala kuweka gia hakutoshi, kwa sababu gurudumu moja likiwa hewani, difu huliacha lizunguke na gari laweza kusonga. Kwa hiyo ni lazima kabari ziwekwe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na gari likalie stendi za chuma, si jeki peke yake. Palipobanana, stendi haiwekwi sawasawa, na gari likiteleza fundi hana pa kukimbilia.

Matajiri watajibu kwamba kodi ni ghali na uwanja ni mdogo. Twajua kodi ni ghali. Sisi pia hulipa kodi. Lakini hatuombi karakana mpya. Twaomba pahali pamoja pa sakafu ngumu pachorwe rangi, pasiegeshwe gari lo lote isipokuwa la kazi ya ekseli, na ubavu unaofanyiwa kazi uelekee uwanja ulio wazi. Gari lisukumwe hapo kabla halijainuliwa. Kusukuma gari ni kazi ya dakika chache, na mkono uliovunjika hauponi kwa dakika chache.

Na tusidhani kwamba twaomba hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, amwarifu msimamizi wake mara moja, na mwajiri asimlazimishe kurudi pale mpaka hatari iondolewe. Sheria hiyo hiyo yataka kamati ya usalama pahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Karakana ngapi zina watu hao na hazina kamati?

Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haiinui gari. Fundi mmoja akikataa kulala chini ya gari lililobanwa ukutani, nyapara atamwita mwingine, na yule mwingine akikubali, wa kwanza amekwisha. Hiyo ndiyo silaha yao. Silaha yetu ni kwamba mwingine naye akatae, na wa tatu pia, kwa adabu na kwa maneno yale yale: “Bwana, tupe nafasi, tutaitoa.”

Basi ndugu, wiki hii kila mjumbe wa karakana apime kwa futi nafasi iliyopo, ahesabu stendi na kabari, aandike, na alete hesabu hiyo kwenye mkutano wa tawi. Tukienda kwa tajiri twende na vipimo, si manung’uniko. Kidole kimoja hakivunji chawa.