Delta Si Daftari Tupu

Mwezi uliopita rafiki yangu alinirekodia ujumbe wa sauti wa dakika saba kwenye WhatsApp. Ni mchoraji, anaishi Umoja, mchana anafanyia kampuni ya matangazo kazi asiyoipenda. Alikuwa na mpango. Watu wanane, wote wasanii, kila mmoja atoe laki moja. Tununue ekari tano karibu na Mto Tana, mahali fulani kati ya Garsen na Kipini. Tujenge vibanda vya udongo na makuti, tulime chakula chetu, asubuhi watu waandike, jioni watu wapige gitaa kando ya moto. Hakuna bosi, hakuna kodi ya nyumba.

"Na wewe si ni wa huko?" akamalizia. "Tuongeleshee wazee basi. Ardhi huko si imelala tu?"

Imelala. Neno hilo nimelisikiliza mara tatu, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Kwanza niseme ukweli: kiu yake naijua. Nimezaliwa Ngao lakini Nairobi imenila miaka tisa. Naijua ile hali ya kushuka matatu saa mbili usiku ukiwa na hadithi kichwani, na ukifika nyumbani imeshapotea. Kutaka kuishi na wenzako, kutumia kidogo na kufanya sanaa kwa moyo si upuzi wala uvivu. Anayewacheka vijana kwa ndoto hiyo hajalipa kodi ya nyumba kwa pesa za mashairi.

Ugomvi wangu uko kwenye mahali, na jinsi tunavyopatazama.

Ndoto hii imewahi kuja kwetu. Mwaka 1890 mwanauchumi mmoja wa Vienna, Theodor Hertzka, alitoa riwaya iitwayo Freiland. Ndani yake wazungu wanajenga jamii ya watu huru na sawa, bila wenye ardhi wa kuwanyonya, kwenye nyanda za Mlima Kenya. Kitabu kilipendwa sana, vyama vya wafuasi vikaundwa Ulaya, na mwaka 1894 kundi la kwanza likashuka Lamu. Njia yao ya kwenda peponi ilikuwa kupanda Mto Tana. Hawakufika. Baada ya miezi michache kundi lilivunjika huko huko Lamu, kwa kutoelewana wao kwa wao.

Wengi wakisimuliwa kisa hiki hucheka. Mimi huuliza: hao watu wa usawa walikuwa wamemwuliza nani? Waliokuwa wakiishi juu ya mto na kule mlimani walikuwa na mashamba, malisho, wazee na sheria zao. Kwenye ramani ya Vienna palikuwa peupe. Miaka mia moja na thelathini baadaye, kwenye ramani ya simu ya rafiki yangu, bado ni peupe.

Sasa nikuonyeshe hiyo ardhi iliyolala. Ukingoni mwa mto yako mashamba ya Wapokomo, vipande vyembamba vinavyoanzia majini kuelekea bara, na kila kipande kina ukoo wake. Maji yakifurika na kurudi, watu hupanda mpunga kwenye tope. Ukiangazi, Waorma na Wardei hushusha ng'ombe kutoka bara kwa sababu kwingine kote pamekauka. Njia wanazopita kufikia maji huitwa malka. Ukipita wakati mwingine utaona nyasi, nyayo na hakuna mtu, useme pamelala. Rudi msimu ufuatao uwahesabu ng'ombe.

Ukijenga kibanda chako kizuri cha udongo katikati ya malka, umefunga mlango wa watu ambao hujawahi kuwaona. Jambo hili si dogo kwetu. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu mia moja waliuawa hapa delta, na maji na malisho yalikuwa ndani ya mzozo huo. Miaka michache kabla ya hapo ilikuja mipango ya mashamba makubwa ya miwa na ya mibono ya kutengeneza mafuta, nayo ilianza na sentensi ile ile: ardhi ipo, haitumiki. Watu wakaenda mpaka mahakamani. Leo Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaikataza hata serikali ya kaunti kuuza ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa. Kwa hiyo ukipata mtu wa kukuuzia ekari tano haraka haraka hapo kando ya mto, jiulize vizuri anakuuzia nini.

Halafu kuna hayo "maisha rahisi". Mwaka 2018 mto ulipanda ukaingia nyumbani kwa bibi yangu. Alilala wiki kadhaa chini ya turubai kando ya barabara, na kuku wake watatu kwenye kapu. Mwisho wa 2023 mto ukapanda tena. Bibi anaishi kwenye nyumba ya udongo, anakula anacholima, hana bosi. Kila kitu kilicho kwenye orodha ya rafiki yangu bibi anacho. Mwulize kama ni rahisi. Tofauti yao ni moja tu: maji yakija, rafiki yangu atapanda basi pale Minjila na jioni atakuwa anatuma picha akiwa Malindi.

Na sanaa je? Hapa ndipo rafiki yangu ataniambia nimemgeuka. Lakini sikiliza. Mwaka 1963 Kenya ilipotafuta wimbo wa taifa, kamati ya wanamuziki ilichukua mahadhi ya wimbo wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto. Aliyeutunga hakuwa amejitenga na dunia ili atunge. Alikuwa na mtoto analia na kazi inamngoja. Bibi yangu nyimbo zake nyingi alizitungia juu ya dungu, akiamia ndege wasimalize mpunga. Anaimba, anapiga debe, anaimba tena. Jirani kwenye dungu la pili anamjibu, na kesho yake wimbo una ubeti mpya usiojulikana ni wa nani. Jamii iliyoutoa wimbo huo ilikuwa na madeni, mazishi, ugomvi wa mipaka na wazee wa gasa wa kuuamua. Mnachotaka kujenga nyinyi ni jamii iliyotolewa hayo yote, ibaki gitaa na moto.

Mto huu umeshatoa vingi. Mahadhi yake yanaimbwa kila shule nchini, na watoto wachache sana wanajua yalikotoka. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, ilichukuliwa na wakoloni mwanzoni mwa karne iliyopita, na mpaka leo iko British Museum. Nisamehe basi nikisita ukiniambia unakuja kutafuta msukumo.

Sisemi usije. Njoo. Panga chumba Garsen mjini kama mpangaji mwingine yeyote, ulipe kila mwezi. Kaa msimu mzima, wa kiangazi na wa maji. Nenda shambani asubuhi, hata kama utakuwa mzigo siku za mwanzo. Jifunze kusalimu kwa Kipokomo na kwa Kiorma. Ukichora, wafundishe watoto wa shule kuchora. Baada ya mwaka, kama bado unataka kukaa, wewe mwenyewe utajua ni nani wa kumwuliza na utamwuliza nini. Hutanihitaji mimi.

Na kama unachotaka ni jamii tu, anzia Umoja. Nyinyi wanane mnalipa kodi nane, mnapika sufuria nane, mnalalamika kwenye kundi moja la WhatsApp. Kodini nyumba moja kubwa. Pikeni pamoja. Wekeni akiba ya pamoja, ili kila miezi mitatu mmoja wenu aache kazi amalize kitabu chake. Mkigombana juu ya nani hajaosha vyombo, tatueni bila kuhama. Mkishindwa na sinki, ekari tano zitawashinda.

Haya yote nimemwandikia. Alinyamaza siku mbili, kisha akauliza, kwa ufupi, chumba Garsen ni pesa ngapi. Nimempa namba ya mjomba. Mjomba ana chumba kimoja, bati linavuja kidogo, na amesema mgeni atasaidia kuamia ndege.