Ugonjwa wa Kiwele: Chanjo Imefikia Wapi?

Mfugaji wa Buhinyuza, upande wa Muyinga, ambaye zamani ng'ombe wake walikwenda malishoni, sasa hana budi kuwakatia majani na kuwalisha bandani. Sheria ya Burundi ya Oktoba 2018 ilipiga marufuku mifugo kuzurura, na utekelezaji wake ukaanza Oktoba 2021. Mashamba yamesalimika na samadi hupatikana mahali pamoja. Lakini ng'ombe alalaye juu ya mavi na mkojo hukilaza kiwele chake juu ya vijidudu.

Ugonjwa wa kiwele huja kwa sura mbili. Ya kwanza huonekana: kiwele huvimba na kuwa cha moto, maziwa yakatoka na mabonge au damu. Ya pili, iliyo ya kawaida zaidi, ni mwizi wa kimyakimya. Maziwa ni meupe vilevile, ila kibuyu hakijai kama jana. Kwa familia ya askari aliye kambini, yenye ng'ombe mmoja tu, hiyo ni ada ya shule inayomwagika.

Je, hakuna chanjo? Ipo, ila haifanani na ile ya sotoka, ambayo ilisaidia ugonjwa huo kutangazwa mwaka 2011 kuwa umetoweka duniani. Sotoka ilikuwa na kirusi kimoja. Kiwele hushambuliwa na aina zaidi ya 100 za vijidudu, na kile kiitwacho Stafilokokasi hujificha ndani ya seli za ng'ombe mwenyewe, mahali ambapo kinga ya mwili haikifikii kwa urahisi. Tena maziwa huwachosha askari wa damu: humeza mafuta na chembe za maziwa badala ya kummeza adui.

Wataalamu wa Marekani walitumia kijidudu cha E. koli kiitwacho J5, kilichopoteza sehemu ya vazi lake la nje, ili mwili ujifunze kuitambua sehemu ya ndani ambayo ndugu zake wengi wanayo pia. Ulaya iliidhinisha Startvac mwaka 2009 na Ubac mwaka 2018. Zote hupunguza makali. Haziufungi mlango kabisa. Startvac huhitaji sindano tatu, ya kwanza siku 45 kabla ya kuzaa, na lazima ihifadhiwe kwenye ubaridi. Kumhimiza mwenye ng'ombe mmoja kuigharamia, huku sakafu yake ingali na tope, ni kumshauri vibaya.

Kwa sasa kinga iko mikononi mwa mkamaji. Mikono ioshwe, na kila ng'ombe awe na kitambaa chake. Matone ya kwanza yakamuliwe katika kikombe cheusi, ambamo mabonge huonekana. Mgonjwa akamuliwe mwisho. Baada ya kukama, chuchu zichovywe dawa, kisha ng'ombe apewe majani papo hapo ili abaki amesimama, kwani tundu la chuchu huchukua muda kujifunga.