TABULETI ZIMEFUNGIWA STOO

Mwaka 2013 watoto wa Darasa la Kwanza nchini Kenya waliahidiwa vipakatalishi. Zabuni ikazozaniwa, ikafutwa, na mwaka 2016 zikaanza kugawiwa tabuleti. Hatukatai kazi iliyofanywa: zilifika zaidi ya milioni 1, na shule nyingi zikaona umeme kwa mara ya kwanza. Tulishangilia.

Lakini shule nyingi hazikuletewa intaneti. Masomo yalitiwa ndani ya chombo, basi. Machi 2020 shule zikafungwa kwa Korona. Mtoto wa tajiri akasoma nyumbani kwa intaneti. Wa mkulima akachunga mbuzi, na tabuleti, kwa kuwa ni mali ya shule, zikabaki stoo. Je, mkulima huyo halipi kodi? Hulipa hata anunuapo sabuni!

Aliyeanza Darasa la Kwanza 2016 alimaliza la Nane 2023. Huyo amekwisha pita.

Twadai Bajeti ya kila mwaka iwe na fungu la intaneti na fungu la matengenezo kwa kila shule ya Serikali. Mwalimu mkuu asiachiwe kuwachangisha wazazi. Na mbunge ajapo kuomba kura, aulizwe kwanza habari za stoo ile.