Kijana Asiyeamka si Mvivu

Katika nyumba nyingi ugomvi wa mzazi na kijana wake huanza alfajiri. Mama ameita mara tatu; mtoto wa miaka 15 amejifunika shuka. Neno linalofuata ni "mvivu", na siku nzima hawasemezani.

Nami nililitumia neno hilo kwa mwanangu, na ninalijutia. Wataalamu wa usingizi wameonyesha kwamba mtoto anapobalehe, saa iliyomo mwilini mwake huanza kuchelewa. Melatonini, yaani homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia, hutoka baadaye kuliko alipokuwa mdogo. Hivyo, akilazwa saa tatu usiku hubaki macho, ilhali anahitaji usingizi wa muda wa saa 8 hadi 10. Ukimwamsha saa kumi na moja ili awahi basi, wamkatiza katikati ya usiku wake. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri shule za vijana zisianze masomo kabla ya saa 2:30 asubuhi. Hapa Tanzania wapo wanaotakiwa kushika fagio shuleni kabla ya saa moja!

Mwanga wa simu huzidisha tatizo, ni kweli, lakini haukulianzisha.

Mzazi mwenye jambo zito la kuzungumza na mwanawe asilitoe alfajiri. Mimi husubiri baada ya chakula cha usiku, tunapoosha vyombo. Hapo husema mwenyewe, bila kuulizwa. Juma lililopita alinieleza kwa nini ameanza kuichukia hisabati.